Sixte Kamuua Mama Yake Tamashani

Lidia, kaa chini kwanza. Sixte wetu kamuua mama yake! Kwenye tamasha la waandishi, hapa Mpanda, mchana kweupe!

Kamuua kwenye hadithi. Lakini kaisimulia kama yamemkuta yeye, na marehemu kampa jina la mama yake kabisa, Médiatrice wa Mishamo. Kang'atwa na nyoka shambani. Jamaa anasoma huku sauti inatetemeka, maana hadithi itakayoshinda inachapishwa kitabuni, na hicho kitabu anakitaka kuliko mke.

Kumaliza tu, ukumbi mzima ukasimama. Kina mama wa kwaya waliokuja kutumbuiza wakaanzisha wimbo wa msiba. Jaji Theopista analia: "Pole sana, mwanangu."

Sixte aseme ni ya kutunga? Thubutu! Akainamisha kichwa: "Asante, mama."

ASANTE, Lidia! Na mama yake yuko nyumbani anapukuchua mahindi!

Mwanakwaya mmoja mwenyeji wa Mishamo akapiga simu nyumbani kwao Sixte kutoa pole. Aliyepokea ni marehemu.

Simu ikawekwa spika. "Sixte, nimeuawa na nini?"

"Nyoka, mama. Ni hadithi tu."

"Watu walikuja kunizika?"

"Walijaa, mama."

Nilijua sasa kitabu ndiyo basi tena.

"Mimi nina shughuli, sifi. Afe baba yako. Yeye amekaa tu."

Jaji Theopista akafuta machozi, akachukua kalamu, akakata jina la Médiatrice kwenye hadithi.

"Haya mwanangu, umeshinda. Baba anaitwa nani?"