Chupa Tuliyogawana

Louisville

Yaya Rwema, mkubwa wangu,

Huku tuko wazima. Mke wangu Hadassa amepata kazi ya kupanga maboksi.

Yaya, ile dawa ya homoni ya kiume niliyokugawia kwenye harusi kule Columbus, kama tulivyogawana kila kitu kule kambi ya wakimbizi, acha kujidunga. Mimi nilizidisha dozi. Bon, basi, kifua kimevimba kama cha msichana. Daktari anasema homoni hiyo ikizidi, sehemu yake inageuka ya kike, tena damu yangu imekuwa nzito, inaweza kuganda, hata mguuni. Nilimficha kwamba tuko wawili tunaoitumia.

Uliponiambia mguu wako umevimba, nilicheka, nikasema ni baridi ya Buffalo. Sasa nakupigia, hushiki simu. Naogopa.

Usinikasirikie. Kwenye bahasha nimeandika jina la mke wako, aisome yeye kwanza.

Mdogo wako,
Rugaba