Gauni la Bahari kwa Kipimo cha Nekesa

Jumatatu, 5 Desemba 1955
Cherehani imekwama tena. Mafuta, kitambaa, mafuta. Vumbi la mtaa wetu wa Bondeni linaingia hata kwenye bobini.

Likizo ya bwanangu imekubaliwa. Watu wa reli hupanda bure, na bibi zao. Mombasa, wiki ijayo. Nimetoa ile voili, kitambaa chepesi cha maua ya bluu, chini ya sanduku. Niliinunua na marehemu mdogo wangu, Nekesa, tushone gauni jepesi la kuvaa baharini, kama lile la memsahibu, yule Mzungu wa mtaa wa Milimani ninayemshonea. Nekesa aliapa hafi kabla hajaona bahari. Alikufa Machi.

Jumatano, 7 Desemba
Nimekata. Situmii tepu ya kupimia. Kila ninayemshonea ana uzi wake ndani ya kopo, mafundo matatu: kifua, mkono, urefu. Nilichukua wangu, nikakata bila kufikiri. Voili inateleza, inaudhi.

Alhamisi, 8 Desemba
Nimelivaa. Linaburuzika sakafuni. Mikono inafunika vidole. Mjinga mimi, nimekata kwa uzi wa Nekesa. Mama alinionya: vitu vya marehemu visikae na vya walio hai. Sikumsikiliza.

Kwenye kioo nilimwona yeye. Kimo chake, mikono yake. Nikageuka. Hakuna mtu. Naogopa nguo niliyoshona mwenyewe.

Ijumaa, 9 Desemba
Bwanangu anasema nipunguze pindo tu, inchi nne. Rahisi kwake. Nimeshika mkasi mara tatu, nimeuweka chini mara tatu.

Siku ile ya Machi pia nilikuwa na mkasi. Nguo ya memsahibu ilikuwa inangojewa. Nekesa akaja mlangoni, ameshika kichwa.

"Dada, kichwa kinapasuka."

"Ngoja nimalize mkono huu."

Nikamaliza mkono. Nikapiga na pasi. Tulipofika hospitali hakunijua tena. Bwanangu anadhani tulitoka mara moja. Majuto ni mjukuu, wanasema. Huyu wangu ana miezi tisa.

Jumapili, 11 Desemba
Kanisani sikusikia neno. Gauni limetundikwa msumarini, na kila nikipita linatikisika. Dirisha limefungwa.

Nimemwambia bwanangu siendi. Akauliza sababu. Nikamwambia yote, mpaka ile pasi. Alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Lichukue kama lilivyo," akasema. "Na yeye aende."

Nimelia mpaka pua ikaziba.

Jumatano, 14 Desemba
Mombasa. Joto. Niliingia majini mpaka magotini. Watoto walicheka gauni linavyoelea. Waache wacheke. Kuna wakati nilihisi mtu ananivuta pindo. Ni wimbi, nafikiri. Sikugeuka kutazama.

Nimelianika dirishani. Pindo limejaa mchanga. Sijalikata.