Salum Alikuwa Akichimba Kaburi

Al Wakrah,
Qatar.
12 Oktoba 2025.

Mpendwa mkwe wangu Tatu,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na wote waliomo nyumbani hapo Pongwe. Je, mguu wa mama yako umepata nafuu? Ile dawa ya kuchua niliyompa msafiri mwezi uliopita imefika? Mimi sijambo, ila magoti yananikumbusha umri wangu kila nipandapo ngazi za jengo ninalolilinda. Joto limeanza kupungua, tunashukuru.

Kabla ya yote nina lawama kidogo. Umeniletea kwa simu jumbe kumi na moja za sauti, nusu yake ni kilio na nusu nyingine ni kelele za kuku. Jambo letu ni zito. Linataka karatasi, ili ulisome mara mbili kabla ya kunijibu.

Wale waliorusha ndege isiyo na rubani iliyomwua mumeo walijibu malalamiko yetu mwezi wa nane. Zaidi ya mwaka mzima tumengoja, tumepewa kurasa mbili. Karani wa ofisi ya mawakili kule Doha, binti Mkenya aitwaye Gakii, alinisomea kwa Kiswahili sentensi moja moja. Nilikuwa nimekuficha yaliyomo, kwa kuwa nilitaka kwanza nipate la kuwajibu.

Wanasema kwamba mchana ule watu wanne walionekana wakichimba kando ya barabara. Kisha walitoa ndani ya lori kitu kirefu kilichofungwa kwa kitambaa, wakakiweka chini, wakajipanga mstari mmoja nyuma yake na kusimama kimya. Imeandikwa kwamba hawakuwa wakisali, kwa sababu hawakuinama wala kusujudu. Basi wakahesabiwa kuwa wapiganaji waliokuwa wakitega bomu.

Hapo nilimwomba Gakii aisome tena sentensi hiyo. Tatu, mtoto wa madrasa anajua kwamba sala ya jeneza husaliwa kwa kusimama, haina rukuu wala sijda. Watu hao walimtazama Salum kwa dakika arobaini. Chombo chao huona kifungo cha shati kutoka mawinguni, na katika dakika zote hizo hakuna aliyeona haja ya kumwuliza Mwislamu mmoja.

Yaliyotokea nimeyapata kwa mtu aliyekuwepo. Anaitwa Cornelius, Mkenya wa Eldoret, dereva wa tano katika msafara ule wa unga wa msaada, pamoja na Salum na wenzake watatu. Siku hizi anaendesha gari la shamba huko Umm Salal. Aliniambia kwamba walimkuta mzee mmoja mchungaji amelala kando ya barabara, na alikata roho wakimpa maji. Wengine walitaka kuendelea na safari, wakihofia vita. Salum akasema maiti haachwi jangwani. Wakamwosha kwa maji yao ya kunywa, wakamkafini kwa shuka la Salum mwenyewe. Cornelius ni Mkristo, kwa hiyo wakamwachia kazi ya kupika.

"Mimi nilikuwa nyuma ya lori na sufuria, mzee," aliniambia. "Salum akanipigia kelele, 'Wee Cornelius, usiunguze ugali kama jana, leo tuna msiba!' Wote wakacheka. Halafu wakajipanga. Hiyo ndiyo ya mwisho kusikia sauti yake."

Nilipomwomba atie saini maneno yake, aligoma.

"Bosi akisikia nimeingia mambo ya majeshi, nitasema nini?"

"Utasema kweli."

"Kweli hainilipii nauli ya kurudi Eldoret, mzee wangu. Wewe unalinda lango, mimi nalinda kazi."

Nilikasirika, nikamwambia maneno ambayo sasa nayajutia. Siku ya tatu alikuja mwenyewe, kwa basi na metro mpaka huku Al Wakrah, akaweka karatasi ukutani pale langoni akatia saini. Chai hakutaka. Mwombee dua, maana amehatarisha mkate wake kwa ajili yetu.

Kisha nikauliza swali moja tu: ni nani aliyetoa amri? Nikajibiwa kwamba ndege ni mali ya nchi moja, mwenye kuiongoza alikuwa ameketi ofisini katika nchi nyingine, na ruhusa ilitoka katika nchi ya tatu. Kila mlango unanielekeza nigonge wa jirani. Nilifundisha miaka thelathini na moja. Mwanafunzi aliyevunja kioo cha dirisha hakuthubutu kuniambia kwamba mwenye kosa ni mpira.

Baada ya ushahidi wa Cornelius, juma lililopita wamejibu tena. Wako tayari kufuta neno "wapiganaji" na kuandika "watu ambao hali yao haikuthibitika". Hakuna radhi, wala jina la Salum halitajwi. Mjane akitia saini kabla ya mwezi huu kwisha, faili litafungwa.

"Hiyo ni hatua, mzee," Gakii aliniambia. "Wengine hawajajibiwa hata barua moja."

"Hatua ya kwenda wapi, binti yangu?"

Akanikabidhi fomu. Si kosa lake, lakini nilitoka bila kumuaga, nami nitarudi kumtaka radhi.

Fomu nimeitia ndani ya bahasha hii. Saini ni yako, siyo yangu. Rai yangu ni kwamba usitie. Haiwezekani tuandike kwamba hatumjui Salum, tuliomlea na tuliolala naye nyumba moja. Lakini ukikataa, shauri hili laweza kuchukua miaka, nami nina umri wa miaka sitini na tisa. Najua pia kwamba shuleni wanamwita mwanao Sabra mtoto wa gaidi, na kwamba amesema hataki kurudi darasani. Kwa karatasi hiyo ungeweza kwenda kwa mwalimu mkuu kesho asubuhi. Mimi niko mbali, sitemewi maneno hayo usoni.

Kwa hiyo, usiamue peke yako, wala usiamue kwa kuniogopa mimi. Mketishe Sabra, umsomee barua hii yote bila kuruka neno, ajue baba yake alikuwa akifanya nini saa ile na alikuwa akimfanyia nani. Kisha umwulize yeye kama tutie saini. Atakalosema, nitalipeleka ofisini kwa miguu yangu na sitalipinga.

Nisalimie mama yako, shangazi Zainabu na jirani yetu Bwana Henry. Mwenyezi Mungu amrehemu Salum na wenzake, na yule mzee ambaye jina lake hatukulipata. Akupe subira na akulindie watoto wako.

Ni mimi baba mdogo wa marehemu Salum, akupendaye,
Abubakari