Shu zenye matundu

Kitshanga, Jumamosi jioni

Na bado najisikia haya, lakini nimeshiba.

Mama mukwe alifika jana kutoka Walikale, na nilitaka aone kwamba muke wa mutoto wake anajua kuchagua chakula. Kwa redio walisema mboga yenye kukuliwa na vidudu njo nzuri, maana haikupigwa dawa. Basi sokoni nikapita wamama wote wenye shu, kabichi za kungʼaa, nikainama kwa kitunga kimoja cha nyuma. Majani yote matundu matundu, udongo wa mashamba ya Muheto ungali kwa mizizi. Nilichagua polepole, nikinusa kama mujuzi. Raha iliyoje.

Muuzaji aliniangalia kwa huruma. "Mama, hizo iko za sungura zangu."

Ningeondoka tu. Nikajibu, "Mimi pia niko na sungura." Sina hata kuku.

Akanipa zote bure, akaongeza na majani ya karoti.

Nilizipika na mawese. Mama mukwe alikula sahani mbili, akapangusa mikono, akasema, "Jumamosi ijayo twende wote, unionyeshe huyo mama anayekuuzia."

Nimekubali. Tangu pale natafuta ugonjwa wa kusingizia siku ile.