Punje ya Kumi na Mbili

Mke wangu, Nyar Asumbi,

Kesho saa nne asubuhi mjukuu wetu Akinyi ataketi mbele ya watu watano katika chuo kikuu huko Homa Bay, nao watamuuliza ni nani aliyeandika tasnifu yake. Wao wanadhani ni mashine. Si mashine, ni mimi. Si yote, lakini zile sehemu walizozitilia shaka ni zangu.

Naiandika barua hii wazi, mahali ambapo jirani na mgeni wataisoma, kwa sababu kosa lenyewe nililifanya kwa siri. Na nakuandikia wewe kwa sababu sheria niliyoivunja ilikuwa yako.

Unakumbuka nilivyokuwa nikiandika zamani. Kule kwenye mashamba ya chai, kabla hatujafukuzwa, nilikuwa karani, na nilijiona bingwa wa Kiingereza. Nilisoma hata magazeti yaliyofungia sukari. Baada ya fujo, kamati ya waliohamishwa ilipotaka kila familia ieleze hali yake kwa Kiingereza, majirani sita waliniomba niwaandikie, na yetu nikaiandika mwisho, kurasa nne. Niliweka kila kitu humo: jina la aliyetuuzia shamba, miti ya parachichi, paa lilivyoanguka, homa ya Adhiambo binti yetu, ng'ombe aliyekuwa na mimba. Afisa aliisoma nikiwa nimesimama mbele yake. Alienda ukurasa wa tatu, akarudi wa kwanza, akaenda wa tatu tena. Kisha akaniuliza kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza: "Mzee, unataka nini hasa?"

Sikuwa mzee. Nilikuwa na miaka arobaini na minne. Nilianza kumjibu kwa kueleza habari za ng'ombe. Akaiweka karatasi chini ya rundo, na hatukuitwa tena.

Sijui kama tungeitwa hata kama ningeandika vizuri. Wapo walioandika vizuri na hawakuitwa. Lakini tangu siku ile naiogopa nafasi iliyo kati ya sentensi moja na nyingine. Najua mtu anaweza kuangukia humo, yeye na shamba lake.

Wiki hiyohiyo, hapa Uriri, kwenye kiwanja cha watu waliotukubali, ulichukua kijiti ukachora boma mavumbini. Sisi tulikuwa jadak, watu wa kukaa kwenye ardhi ya wengine. Hatukuwa na lango la kufungua asubuhi. Ulichora boma tusilokuwa nalo. Ulisema hii ndiyo aya. Lango liko hapa, na nyumba ya mke wa kwanza inalitazama, ili mgeni akisimama langoni ajue ameingia kwa nani. Hiyo ndiyo sentensi yako ya kwanza. Simba, yaani nyumba za vijana wa kiume, ziko huku na huku, ya mkubwa upande wake na ya anayemfuata upande wake, wala hakuna anayejenga popote anapopenda. Halafu ukaweka kijiti chini, na njia za kutoka nyumba hadi nyumba ukazichora kwa kidole.

"Wewe, Baba Adhiambo, umejenga nyumba arobaini porini," ukasema. "Mgeni ametoka kwako na matope mpaka magotini."

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaomba unifundishe.

Wanafunzi uliowafundisha Kiingereza sekondari walikuwa na ugonjwa wao mwingine. Mtu fulani aliwaambia kwamba aya nzuri hushikanishwa na maneno makubwa, basi kila sentensi ikaanza na *moreover* au *furthermore*, hata pale ambapo hapakuwa na chochote cha kuongeza. Ulikuwa ukinisomea huku umeshika mbavu kwa kicheko. Huyu amefunga kamba kutoka nyumba hii hadi ile, ulisema, lakini njia bado hakuna.

Na hukuwahi kutia wino kwenye insha ya mtoto. Ulikuwa na kopo la mahindi makavu mezani. Uliposoma na kufika mahali ambapo sentensi haikukupeleka kwenye nyingine, uliweka punje moja juu ya karatasi, pale pale, ukaendelea. Mwanafunzi akija alizikuta zimekaa kwenye kazi yake. Hukumwambia kosa ni nini. Ulimwambia tu, "Hapa nimepotea. Nitoe." Alieleza kwa mdomo, kwa Kiingereza akiweza, kwa Dholuo akishindwa, mpaka ukafika ng'ambo. Hapo alichukua punje yake akaenda kuandika alichokisema. Wapo waliozitafuna kwa hasira. Mmoja alikuambia kwamba kwa punje zake angeweza kupika nyoyo, mahindi na maharagwe, ya kulisha bweni zima. Ukamwambia maharagwe alete yeye.

Siku moja, chakula kikipoa, nilikuuliza kwa nini usiandike tu sentensi inayokosekana tuje tule. Hukuinua kichwa. "Nikimwandikia, njia itakuwa yangu," ulisema. "Siku atakayopita peke yake atapotea."

Nililisikia neno hilo. Nilikuwepo. Sina cha kujitetea.

Akinyi aliandika juu ya wanawake wanaoanika omena, dagaa wa ziwani, kule Kisegi: wanajuaje wakati wa kutandaza na wakati wa kukusanya kabla mvua haijaharibu samaki. Alikaa nao miezi mitatu, akarudi ananuka ziwa, na mambo aliyojifunza huko hayapatikani katika kitabu chochote nilichosoma. Lakini kazi yake ilirudishwa mara mbili. Mwalimu anayemsimamia aliandika pembeni maneno mawili tu: aya hazishikani. Ikirudishwa mara ya tatu, chuo kilimwambia, asitegemee kuendelea.

Alikuja kwangu Ijumaa na rasimu aliyoichapisha pale sokoni, mistari ikiwa imeachana. Ilitakiwa Jumatatu. Alisema, "Babu, nionyeshe tu ni wapi. Nitatengeneza mwenyewe." Akaenda kununua nyanya na mboga.

Nikayaona yale maneno pembeni, aya hazishikani, na nikamwona yule afisa akirudi ukurasa wa kwanza. Kopo lako lilikuwa pale kwenye rafu. Sikuligusa. Nilichukua kalamu. Akinyi aliporudi nilikuwa nimeandika sentensi kumi na moja kati ya mistari yake, na nne za kwake nimezikata.

Alisoma amesimama, mfuko wa nyanya mkononi. "Babu, hii Kiingereza ni ya wazungu wa zamani," alisema. Nikamwambia ni Kiingereza sahihi. Alitazama karatasi muda mrefu, halafu akanitazama mimi, halafu akaichapa ilivyo. Ni heshima iliyomponza, na mimi niliitegemea heshima hiyo nilipofungua kalamu.

Wiki tatu baadaye alinipigia simu. Mwalimu wake alikuwa amesoma kwa furaha mpaka ukurasa wa kumi na mbili, ambapo msichana anayejua anachosema ananyamaza ghafla, na mtu mwingine anaingia na kutangaza: itabainika, kwa hiyo, kwamba. Alimtokea mara kumi na moja, huyo mtu. "Wanasema ni mashine, Babu. Nikawaambia sikutumia mashine. Wakaniuliza, sasa ni nani? Nikanyamaza." Akaanza kulia. "Babu, umenichoma." Kisha, kwa kuwa ni mjukuu wako, alicheka kidogo katikati ya kilio. "Kumbe mashine yenyewe ni wewe. Mashine ya meno sita."

Nikamwambia nitakwenda kueleza. Alikataa. Alisema nikienda watasema aliandikiwa, nisipoenda watasema mashine, na kote huko anafukuzwa. Nilikata simu.

Sasa nitakuambia jambo ambalo hata Akinyi hakulijua mpaka juzi. Asubuhi iliyofuata nilizipeleka jikoni zile karatasi za rasimu nilizoziandikia, alizoniachia. Moto ulikuwa unawaka. Niliwaza hivi: pasipo na mwandiko wangu, hapana ushahidi, na mzee hawezi kuitwa mahali kusimama tena mbele ya watu wenye mafaili. Nilijifikiria mimi. Niliutafuta ukurasa wa kumi na mbili nianze nao, nikausogeza motoni, na macho yangu yakaangukia sentensi yake moja niliyoikata.

Alikuwa ameandika kwamba wale wanawake hawatazami mawingu. Wanawatazama ndege weupe wanaoiba omena, kwa sababu ndege wakiiacha omena wakaondoka, mvua iko njiani. Na sentensi iliyofuata ilianza na ndege haohao. Njia ilikuwepo. Nyembamba, lakini ilikuwepo, ya kukanyagwa na mguu wa mtu aliyefika Kisegi. Mimi niliiziba nikaweka barabara ya karani, kwa sababu sikuitambua kuwa ni njia.

Niliziondoa karatasi pale motoni. Pembe moja iliungua. Kama ningezichoma zote, ningechoma pahali pekee panapoonyesha kuwa mtoto huyu alikuwa akifika mwenyewe, na ni nani aliyemzuia.

Alikuja Jumamosi. Nilimwonyesha ile pembe iliyoungua nikamwambia ilivyoungua. Alikwenda rafuni, akashusha kopo lako, akalipuliza vumbi. Tuliweka punje kumi na moja, moja juu ya kila sentensi yangu, na akaanza kunitoa. Alieleza kwa Dholuo kwanza, kwa mikono, akinionyesha wavu wa zamani unavyotandazwa na akina mama wanavyoitana. Kila nilipofika ng'ambo aliokota punje na kuandika. Mahali pa nne nilijaribu kumpa neno. Aliniwekea kiganja mbele ya mdomo, kama ulivyokuwa ukinifanyia wewe mbele ya wageni. Jumapili jioni meza ilikuwa tupu. Aya zake sasa si laini kama zangu. Lakini anayesimama langoni anajua ameingia kwa nani.

Tumekubaliana aende na karatasi zote, za kwanza na za sasa, na ile iliyoungua, na mimi niende na maelezo yangu. Huenda hayatatosha. Huenda msaada nilioutoa ni kosa katika sheria zao hata likikiriwa, na ni yeye atakayelibeba, mimi nirudi Uriri. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko yote: kwamba nitasema kweli tupu, na kweli hiyo ndiyo itakayomtoa chuoni.

Leo asubuhi niliandika maelezo hayo kwa Kiingereza, ukurasa mmoja. Niliyapanga kama ulivyonifundisha, nyumba kubwa inatazama lango, kila simba mahali pake. Nilijivuna nayo, nakuambia kweli. Akinyi akayasoma amesimama. Alishuka mpaka chini, akarudi juu, akashuka tena, na mimi nilishawahi kusomwa hivyo.

Kisha akaenda kwenye kopo, akarudi na punje moja, akaiweka kati ya sentensi ya pili na ya tatu. Ya pili inasema nilisoma rasimu ya mjukuu wangu. Ya tatu inasema niliandika ndani yake sentensi kumi na moja.

"Hapa nimepotea, Babu," alisema. "Nitoe."

Nikasema muda ulikuwa mfupi. Akatikisa kichwa. Nikasema mwalimu alitaka aya zishikane. Akasema hiyo ni kamba. Nikamwambia aende akapige nguo zake pasi, nitafikiri. Ndipo nikaanza kukuandikia wewe, kwa sababu sikuijua njia ya kutoka pale, na wewe ndiye niliyezoea kukueleza kwa mdomo.

Nadhani nimefika. Niliogopa, sikungoja aipate njia yake. Ndiyo sentensi yenyewe. Nimeiandika sasa hivi kati ya ile ya pili na ya tatu, kwa Kiingereza chepesi, bila kubainika kwa kitu chochote. Kuiandika kumenichukua muda mrefu kuliko ukurasa mzima, na si jambo zuri kwa mtu wa miaka sabini na saba kuwasomea wageni. Akinyi ameipitia. Hakusema ni nzuri. Ameichukua ile punje akaniwekea kwenye mfuko wa shati nitakalovaa.

Bado naogopa, Nyar Asumbi. Naogopa kile chumba, naogopa mtu atakayenitazama kwa upole. Lakini wakiniuliza, "Mzee, unataka nini hasa?" safari hii mimi ni mzee kweli, na sitawaeleza habari za ng'ombe. Nitasema nataka wamsikilize yeye. Kisha nitanyamaza, niache apite.

Kaburi lako nimelipalilia leo, na wenye ardhi wamenisalimu vizuri. Nitapita hapo kesho kabla hatujaondoka. Pumzika, nami nitakuletea habari nikirudi, iwe ya namna gani.

Mumeo,
Baba Adhiambo