Dizeli ya Didas na Dumu la Ulanzi

Chimala,
Ijumaa, 16 Mei 2025.
Asubuhi ukungu umekaa mlimani. Huku chini jua na upepo kidogo.

Kaka Sosthenes,

Kamwene. Natumaini hamjambo hapo Iringa, na goti la wifi Anjela limepata nafuu. Mimi ni mzima, na nina furaha hadi kalamu inanikimbia: pikapu inanguruma!

Unakumbuka Jumatatu nilivyokupigia nikilia. Nilitoka Madibira na magunia kumi ya mpunga. Mafuta yalipokaribia kwisha nikamimina dumu la dizeli niliyonunua kwa Didas, yule anayewauzia wakulima mafuta ya pawatila, vile vitrekta vya mkono. Kilomita mbili tu, gari likakohoa, likatoa moshi mweupe, likazima. Nilivutwa na trekta hadi nyumbani. Nawe ukasema utawaonya madereva wenzako wanaopita Madibira.

Jumanne nilirudi kule kwa bodaboda, nikasimama kwenye mashine ya kukoboa anapouzia, watu wamejaa, nikamwambia Didas kuwa anauza maji. Alinijibu kwa upole kwamba dizeli aliichuja kwa kitambaa mbele ya macho yangu. Sikumsikiliza. Mzee Benjamini, mteja wake wa siku nyingi, akamrudishia dizeli yake palepale, na wengine watatu wakafuata.

Jumatano akaja fundi Jailos. Tulifungua nati ya chini ya tangi, tukakinga kwenye chupa, tukaiacha itulie. Kaka, ungeona! Maji yalishuka chini, dizeli ikakaa juu, mpaka wake umenyooka kama umepigwa rula. Kuosha tangi, kubadili filta, kutoa hewa kwenye mabomba, yote nilifanya kwa mikono yangu, yeye akielekeza tu. Gari lilipowaka nilipiga vigelegele peke yangu.

Jailos alikuwa bado ameshika ile chupa. Yale maji ya chini yalikuwa meupe, yana utando. Akanusa, akasema, "Dada Faustina, maji haya yametoka kilabuni."

Nilicheka, kisha kicheko kikakatika. Nikafungua daftari langu, Jumapili tarehe 11. Nimeandika hivi: "Tumemaliza ulanzi wa kaka, pombe tamu ya mianzi. Dumu nimelitia maji kama lita moja, liishe harufu." Hakuna mahali nilipoandika kuwa niliyamwaga. Sikuyamwaga, kaka. Jumatatu nilimpa Didas dumu lilelile bila hata kulitikisa.

Jana niliendesha hadi Madibira. Nilisimama mahali palepale nilipomtukania, nikasoma ukurasa ule kwa sauti. Watu waliangua kicheko, mmoja akauliza kama gari langu lilirudi nyumbani likiimba. Didas hakucheka. Alichukua dumu langu, akalipindua, akalinusa, akanitazama.

"Leo halijalewa. Nikujazie lita ngapi, dada?"

Nilipogeuka, Mzee Benjamini alikuwa nyuma yangu na dumu lake tupu, anatazama pembeni.

Sasa limebaki lako. Wapigie wale madereva leo hii, uwaambie Didas hana kosa, mwenye kosa ni mdogo wako. Na ulanzi usiache kutuma, ila utie kwenye ndoo.

Wasalimie wote nyumbani, na goti la wifi likandwe kwa maji ya moto kila jioni.

Mdogo wako akupendaye,
Faustina

Naongeza hili Jumamosi kabla ya kufunga bahasha: sikungoja barua ifike, jana nilikuomba kwa simu, na jioni ukanijulisha kwamba umewapigia wote. Saa mbili na nusu usiku nilikuwa nimeshalala fofofo, mara ya kwanza tangu Jumatatu.