Senene Ni Kazi Namba Ngapi?

Jumanne, Kanazi

Kagera nzima hakuna mtega senene kama mimi. Wakiniona tu, panzi hao watamu wanaingia wenyewe kwenye pipa.

Leo nilikwenda ofisi ya ajira, Miembeni, kuomba nafasi ya kusomea ufundi umeme. Dada wa kompyuta akasema lazima kwanza aipate kazi yangu kwenye orodha ya kazi zote za nchi, ndipo ionekane inanipeleka kwenye masomo gani.

"Unafanya nini?"

"Natega senene kwa taa na mabati."

Akatafuta. "Mvuvi?"

"Waitu dada, wanaruka!"

"Basi mfugaji."

"Siwalishi, nawala."

Tukaangukia mwindaji. Kompyuta ikanishauri nikasomee bunduki. Bunduki kwa senene! Nilicheka hadi bosi wake akachungulia mlangoni.

Dada akauliza ngazi yangu, kibarua au msimamizi. Mimi, kibarua? Nikamwambia, "Andika meneja."

Akabonyeza, kisha akanitazama kwa huruma. "Kaka, mafunzo ya umeme ni ya vibarua. Meneja hafundishwi kufunga taa, anaajiri fundi." Na kompyuta ikakataa kufuta.

Nyumbani nimesimulia bunduki tu, mama kacheka hadi machozi. Ya umeneja sijasema. Nafasi ile nilikuwa naitaka kweli.